Kabla Hujabamiza Mlango: Namna ya Kuacha Kazi Ulikoonewa

Barua nyingi za kuacha kazi nilizowahi kuletewa nizisome zina sentensi zilezile: "Naacha kazi kwa sababu zangu binafsi. Naushukuru uongozi kwa ushirikiano." Aliyeandika hajalipwa miezi mitatu, ametukanwa mbele ya wateja, ameshushwa cheo bila kuambiwa kosa. Lakini amelelewa vizuri, na kwetu mtu hatoki kwa watu bila kuaga kwa heshima. Wiki mbili baadaye anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA, kudai haki yake. Wakili wa mwajiri anatoa karatasi moja tu: barua hiyohiyo. Toka hapo kesi inachechemea.

Niliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo haya nimeyaona upande wa walioonewa na nimewasikia waajiri pia. Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mtumishi wa umma ana njia yake, inayoanzia kwenye mamlaka yake ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma. Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005. Kenya nayo wana Sheria ya Ajira ya 2007 na mahakama yao ya ajira, na muda wao wa kudai ni miaka mitatu. Msomaji wa Mombasa asije akahesabu siku kwa kalenda ya Dar.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, huko ni kuachishwa kazi. Umeandika barua wewe, umetoka kwa miguu yako, lakini kisheria aliyekuachisha ni yeye. Ila ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba ulisukumwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu uthibitisho huo, na karibu wote unapatikana kabla hujatoka, si baada.

1. Usitoke siku ya hasira

Umetukanwa asubuhi, saa nne unatupa funguo mezani na kwenda nyumbani. Roho inatulia. Kazini huku wanaanza kuhesabu siku. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinautaja utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya msingi, kuwa ni kosa kubwa. Siku ya sita hawana haja ya kujibu matusi yao tena; wana kosa lako mkononi na wanakuandikia barua ya kujieleza.

Kama siku hiyo huwezi kabisa kubaki, omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, au nenda hospitali kama mwili umeguswa na presha imepanda, uchukue karatasi ya daktari. Halafu kaa kimya kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nimeona mtu mwenye haki kabisa akijimaliza kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili alioutuma saa tano usiku.

2. Pima kama ni uonevu au ni ugumu wa kazi

Hapa huwa naudhi watu. Si kila linalouma ni uonevu kisheria. Kupewa barua ya onyo kwa kosa ulilolifanya, kuitwa kwenye kikao cha nidhamu kilichofuata utaratibu, kuwekewa malengo magumu ya mauzo ambayo wenzako wote wamewekewa, mwenzako kupandishwa cheo na wewe ukabaki: hayo yanauma, lakini ukiondoka kwa ajili ya hayo umeacha kazi tu.

Kanuni zile za 2007 zinataja mawili waziwazi. La kwanza ni unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda dhidi yake hata kama anayeufanya si yeye bali mteja au mfanyakazi mwenzako. La pili ni kutendewa isivyo haki, na hapo wameweka sharti: uwe umetumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama una sababu nzuri ya kutozitumia. Mshahara kucheleweshwa mwezi baada ya mwezi, kupunguzwa bila ridhaa yako, kushushwa cheo kwa kukomolewa, kuhamishwa kama adhabu, kunyimwa likizo kila mwaka, matusi ya kila siku, vyote huingia kwenye hilo la pili, kutegemea uzito na kujirudia kwake.

Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imezoea kuyapima mashauri haya kwa maswali ambayo ni vizuri ujiulize mwenyewe ukiwa bado umekaa kwenye kiti chako. Je, kweli ulikusudia kuacha kazi? Je, mtu mwingine mwenye akili timamu angeona hali hiyo haivumiliki, au ni wewe tu? Je, aliyeisababisha ni mwajiri? Je, hali ingeendelea hivyo kama ungebaki? Na lile linalowaangusha wengi: je, kuacha kazi ndiyo njia pekee ya busara iliyokuwa imebaki?

Swali hilo la mwisho usilijibu kwa moyo. Lijibu kwa karatasi, kama tutakavyoona hatua ya tano.

3. Tazama ajira yako ni ya aina gani

Kama hujatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, kifungu cha kuachishwa isivyo haki hakikuhusu. Bado unadai mshahara wako na stahiki nyingine, lakini fidia ya kuachishwa isivyo haki isahau.

Kama mkataba wako ni wa muda maalumu, tuseme miaka miwili, kuwa mwangalifu zaidi. Kanuni zinasema mwenye mkataba wa namna hiyo anaweza kujiuzulu tu pale mwajiri anapouvunja mkataba kwa jambo la msingi. Pasipo hilo, mkubaliane kuumaliza mapema. Maana yake barua yako lazima itaje ni kipengele gani cha mkataba amekivunja.

Na kama huna mkataba wa maandishi kabisa, usivunjike moyo. Kuuandaa ni wajibu wa mwajiri. Mkifika mbele ya msuluhishi na yeye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Dada wa kazi za nyumbani, dereva wa daladala, kijana wa dukani, wote ni waajiriwa machoni pa sheria hii.

4. Kusanya ushahidi ukiwa bado ndani

Ukishatoka, mlinzi aliyekuwa akikuita "bosi" atakuzuia getini. Kwa hiyo fanya sasa.

Anza na daftari. Nunua daftari la kawaida, liweke nyumbani, andika kila tukio siku lilipotokea: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Usiandike "bosi alininyanyasa". Andika "Jumanne tarehe 4, saa tatu asubuhi, stoo, mbele ya fundi mizani na wapakiaji wawili, aliniita mwizi akanisukuma begani." Sentensi kama hiyo inaaminika, kwa sababu mzushi huogopa kutaja watu waliokuwepo.

Kisha hati zako mwenyewe: mkataba, barua ya ajira, slipu za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliingia tarehe ngapi na kiasi gani, barua za onyo, fomu za likizo zilizokataliwa, taarifa ya michango yako ya NSSF. Hii ya mwisho wengi huisahau, na ndiko unakokuta kwamba umekatwa kila mwezi lakini mchango haukupelekwa. Hilo peke yake ni lalamiko zito.

Jumbe za simu zinapokelewa kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua. Kupiga picha ya skrini ni vizuri, lakini usifute ujumbe wenyewe, na usiiuze simu hiyo hata ukibanwa vipi na kodi ya nyumba. Picha ya skrini bila simu yake ni rahisi kubishiwa. Jitumie nakala kwenye barua pepe yako binafsi, si ya ofisi, kwani ya ofisi wataifunga siku hiyohiyo.

Usibebe kisicho chako. Orodha ya wateja, vitabu vya hesabu, nywila, mafaili ya wafanyakazi wenzako: ukikutwa navyo unageuka kutoka mlalamikaji kuwa mtuhumiwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuna kosa jingine la kukubambikia. Kama hati ya ofisi inakusaidia, andika daftarini kwamba ipo, namba yake na ilipo. Tume inaweza kumwagiza mwajiri ailete.

Mashahidi ni suala gumu. Wenzako wana watoto wanaosoma, usitegemee ushujaa wao. Mwombe mmoja au wawili, kwa siri na kwa upole, na ukubali wakikataa. Aliyeacha kazi hapo kabla yako mara nyingi ni shahidi bora kuliko aliyebaki, maana hana cha kupoteza.

5. Lalamika kwa maandishi kwanza

Hatua hii watu huiruka kwa sababu wanaona haina maana: "Nimlalamikie nani, na mwenye kampuni ndiye anayenionea?" Lalamika hivyohivyo. Huandiki ili abadilike, ingawa wapo wanaobadilika wakiona karatasi. Unaandika ili siku ukiulizwa kama ulijaribu njia nyingine, uwe na jibu lenye muhuri.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Hesabu ya misumari na mabati imepungua, na bosi anamkata shoti kwenye mshahara miezi mitatu mfululizo bila kumsikiliza. Sheria hairuhusu hivyo. Makato ya hasara yanahitaji mfanyakazi apewe nafasi ya kusikilizwa, akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Barua yake ya malalamiko iwe fupi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKATO YA MSHAHARA. Rejea makato ya Januari, Februari na Machi mwaka huu kwenye mshahara wangu. Sikuwahi kuitwa kusikilizwa kuhusu upungufu wa bidhaa stoo, wala sikusaini makubaliano yoyote ya kukatwa. Naomba kurejeshewa fedha zilizokatwa na kufanyika kikao kuhusu jambo hili ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii. Hali hii inafanya iwe vigumu kwangu kuendelea na kazi."

Sentensi ya mwisho isikose. Ndiyo inayomwonya mwajiri mapema kwamba mambo yanakaribia kufika mwisho.

Peleka nakala mbili: moja yao, moja yako igongwe muhuri au isainiwe kwa tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe ya kampuni au kwa posta ya rejista, utunze risiti. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mpe nakala mwakilishi wa tawi. Kama kampuni ina ofisi kuu, panda ngazi moja juu. Afisa Kazi wa mkoa naye anaweza kuja kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na mara nyingine ziara yake moja inamaliza yaliyoshindikana kwa mwaka mzima.

Na ujue kwamba si lazima uache kazi ndipo uende Tume. Madai ya mshahara usiolipwa au ubaguzi unaweza kuyafungua ukiwa bado mfanyakazi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ni njia nzuri kwa asiyeweza kukaa bila mshahara.

Kwa aliyenyanyaswa kingono sharti la kulalamika ndani kwanza halina uzito uleule, hasa kama wa kulalamikiwa ndiye wa kupokea malalamiko. Ripoti polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, chukua namba ya taarifa, na uondoke mahali hapo.

6. Hesabu mfuko

Kwa ufupi tu, maana kila mtu anajua hali yake. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, nenda uongee na benki kabla, sio baada ya mwezi wa kwanza kupita bila makato. Kama kampuni ilikusomesha na ukasaini kuitumikia miaka fulani, soma tena ulichosaini. Weka akiba ya chakula na kodi kwa muda wa usuluhishi na uamuzi. Kesi inaweza kuchukua miezi. Na mikopo ya kausha damu usiiguse katika kipindi hiki hata kwa dharura.

7. Barua ya kuacha kazi

Siku zimepita, hawajajibu, au wamejibu kwa kukushusha kwenda kupakia mizigo. Sasa unaandika. Muda hapa una maana: ukikaa miezi minane baada ya tukio la mwisho bila kusema neno, utaulizwa iweje hali isiyovumilika uliivumilia.

Mtunza stoo wetu aandike hivi:

"YAH: KUACHA KAZI KUTOKANA NA MAZINGIRA YA AJIRA KUTOVUMILIKA.

Niliajiriwa tarehe ……… kama mtunza stoo. Kuanzia Januari mwaka huu mshahara wangu umekatwa mara tatu bila kusikilizwa wala ridhaa yangu. Niliandika malalamiko tarehe 2 Aprili, yakapokelewa siku hiyo (nakala imeambatishwa). Sikujibiwa. Tarehe 18 Aprili niliondolewa stoo na kupangiwa kupakia mizigo bila maelezo, na tarehe 21 Aprili niliitwa mwizi mbele ya wateja.

Kwa matendo hayo mwajiri ameifanya ajira yangu isivumilike, na sina njia nyingine isipokuwa kuacha kazi. Siachi kwa hiari. Natoa notisi ya siku 28 kuanzia leo, na siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe ……… Naomba nilipwe stahiki zangu zote kwa mujibu wa sheria na kupewa cheti cha utumishi. Kuacha kwangu hakuondoi haki yangu ya kudai mbele ya vyombo vya sheria."

Hakuna "nashukuru kwa ushirikiano". Hakuna "sababu za kifamilia". Hakuna matusi vilevile, wala zile aya za "Mungu atalipa". Unaweza kumsamehe moyoni kadiri unavyotaka. Barua haihitaji kulijua hilo. Kila tukio liwe na tarehe, na yasizidi yale unayoweza kuyathibitisha. Matano yenye ushahidi yanatosha kuliko ishirini ya kusimulia.

Kuna mtego mmoja ambao maofisa wa HR wanaupenda. Unaitwa ofisini, unaambiwa kwa sauti ya huruma: "Ndugu yangu, andika mwenyewe ya kuacha, ujilindie jina. Ukisubiri sisi tukufukuze, hupati kazi mahali pengine." Wakati mwingine barua imeshachapwa, bado saini yako tu. Usisaini. Omba siku moja ukafikirie, utoke nje, kisha uandike siku hiyohiyo kwa barua pepe kilichosemwa na nani. Kama walikuwa na sababu ya kukufukuza wangefuata utaratibu; kukuomba ujiondoe ni dalili kwamba hawana.

8. Notisi: uitumikie au uondoke

Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 kwa uchache. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Isitolewe ukiwa likizo, wala isihesabiwe sambamba na siku za likizo.

Ukikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri ana haki ya kukata thamani ya siku hizo kwenye fedha atakazokulipa. Kwa hiyo wengi nawashauri waitumikie: wafike mapema, wafanye kazi yao, wasijibizane. Lakini kama kuna mkono wa mtu mwilini mwako, au vitisho, au kazi yenyewe inahatarisha maisha, ondoka siku hiyohiyo na barua ieleze kwa nini usingeweza kukaa siku 28. Anayesema mahali ni jehanamu kisha akakaa mwezi mzima bila maelezo ataulizwa aliwezaje kukaa, na anayesema ni jehanamu akaondoka leo ataaminika zaidi. Pima gharama: mshahara wa mwezi mmoja dhidi ya usalama wako.

9. Makabidhiano

Kabidhi kila kitu kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili: funguo, kompyuta, sare, kitambulisho, hesabu ya stoo, fedha taslimu. Kwa aliyeshika mali ya mtu, hapa ndipo pa kujilinda. Ukiondoka bila hesabu, kila kitakachopotea hadi Krismasi kitakuwa kimeibwa na wewe.

Mara nyingi watakuletea karatasi yenye maneno kama "nimepokea stahiki zangu zote na sina madai zaidi". Kama hujalipwa, au umelipwa nusu, usiisaini. Wakikushikia fedha mpaka usaini, andika kwa mkono juu ya saini yako kiasi ulichopokea na maneno "bila kuathiri madai yangu mengine", kisha piga picha.

10. Unachodai

Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Malipo ya likizo ambayo hukwenda; likizo ya mwaka ni siku 28. Fedha zilizokatwa kinyume cha sheria. Notisi, kama hawakuruhusu uitumikie. Kiinua mgongo, kwa aliyemaliza angalau miezi 12: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, kikomo miaka 10, yaani siku 70. Anayeacha kwa hiari hapati hiki, na hapo ndipo sababu uliyoiandika kwenye barua inapogeuka fedha. Kama ulichukuliwa Mbeya ukaletwa kufanya kazi Dar, kuna nauli ya kurudi wewe na mizigo yako, na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri nauli hiyo. Cheti cha utumishi ni haki yako hata kama mlikosana vibaya.

NSSF wana fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Barua ya "sababu binafsi" inakufuata mpaka huko.

11. Tume, ndani ya siku 30

Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Jumamosi na Jumapili zimo. Usibishane kama zinaanza siku ya barua au siku ya mwisho wa notisi: hesabu kutoka siku ya mwanzo kabisa inayowezekana, hutajuta. Ukichelewa kuna maombi ya kuongezewa muda, yanayotaka sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri waniite tuyamalize" si sababu inayopendwa.

Nenda ofisi ya Tume ya mahali mgogoro ulipotokea ukachukue fomu namba moja, CMA F1. Kufungua hakuna ada. Ijaze ukiwa umekaa, usijaze ukiwa umesimama kwenye foleni. Pale penye aina ya mgogoro, weka alama kwenye kuachishwa kazi na ujaze Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya namna hiyo. Watu wanaoweka alama kila kisanduku, wakichanganya kuachishwa isivyo haki na kuvunjwa mkataba, wameshaona kesi zao zikitupwa kwa kasoro hiyo tu. Pale penye unachodai, orodhesha kila kitu kwa kiasi chake, kwa kuwa ambacho hakimo kwenye fomu hutapewa baadaye hata ukikithibitisha. Kurudishwa kazini ni mojawapo ya nafuu zilizopo, lakini aliyesema hapavumiliki akiomba kurudi huchekesha; omba fidia. Mpe mwajiri nakala kwanza, upate saini ya kupokea, ndipo uwasilishe Tume.

Usuluhishi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Yanayosemwa humo hayatumiki dhidi yako baadaye, kwa hiyo ongea wazi, na uwe na kiwango cha chini kichwani ambacho hutashuka. Mimi si adui wa kumalizana hapa. Fedha pungufu za leo mara nyingi zina faida kuliko tuzo nono, yaani uamuzi wa kukulipa, ya mwaka kesho kwa kampuni ambayo itakuwa imebadilisha jina. Ila mkataba wa maridhiano ukiusaini unafunga, uwe na tarehe za malipo na si "haraka iwezekanavyo". Usikose kikao hata kimoja, maana shauri linaweza kufutwa kwa kutofika kwako. Unaweza kuwakilishwa na wakili, kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au mwakilishi binafsi uliyemchagua.

Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo ndipo daftari lako, simu yako na ile nakala yenye muhuri vinapotoka mfukoni. Tuzo ikitoka, asiyeridhika ana wiki sita tangu alipopewa nakala kuomba marejeo, yaani uamuzi upitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri akinyamaza bila kulipa wala kuomba marejeo, tuzo inapelekwa huko huko ikatekelezwe kama amri ya mahakama, na magari ya kampuni yanaweza kukamatwa.